Skomer, Wales: lipia kulala, usiende na kurudi

Wengi tunaoishi Uingereza tukisikia kisiwa cha Skomer tunawaza pafini, ndege wa baharini wenye mdomo wa rangi rangi. Hao utawaona mchana, Mei hadi katikati ya Julai, na boti ya asubuhi inatosha. Mimi nilikwenda mwisho wa Agosti, pafini walishaondoka, na bado nasema kulala ndiko kwenye thamani ya pesa yako.

Boti inatoka ghuba ndogo ya Martin's Haven, robo saa hivi umefika, kisha ngazi 87 na mizigo mgongoni. Kabla ya safari unakagua mabegi yako yote usije ukabeba panya wakubwa (rats). Msilione hilo kuwa usumbufu: kisiwa hakina panya hao, na ndege wanaotaga mashimoni hawana kinga nyingine. Duka hakuna, chakula unajibebea. Unalala kwenye majengo ya shamba la zamani, mnapika jiko moja na wageni wengine.

Giza likiingia ndipo wanapokuja shiawota, ndege wa baharini wanaotaga mashimoni. Ni kama jozi 350,000, hakuna mahali duniani wanapozaliana wengi zaidi. Mchana huwaoni ng'o, kwa sababu miguu yao iko nyuma mno, wakitua wanajikokota kwa kifua, na shakwe wanawararua. Usiku wanalia juu ya kichwa chako kama jogoo aliyekabwa koo.

Tulimkuta mtafiti amelala kifudifudi, mkono shimoni hadi begani. Akatoa kinda mnene kuliko wazazi wake, manyoya ya utoto yamebaki shingoni. Akampima ndani ya mfuko, akamfunga pete mguuni kwa koleo, akaizungusha kwa kidole kuona kama inabana, akaandika namba, akamrudisha shimo lile lile. Wazazi wakiacha kumlisha, kinda huyo ataruka peke yake hadi bahari ya Argentina, bila wa kumwonyesha njia, na akijaliwa atarudi hapa kuzaa. Pete ndiyo inayotuambia haya. Shiawota mmoja alivikwa yake kisiwa cha Bardsey, Wales hii hii, mwaka 1957 akiwa tayari mkubwa. Mwaka 2008 akashikwa tena, mzima.

Chukueni tochi yenye taa nyekundu na msitoke njiani, maana ardhi yote ni mashimo, mguu mmoja unabomoa nyumba ya mtu. Upepo wa kaskazini ukivuma boti hazishushi watu, kwa hiyo siku ya kurudi usijipangie kazi. Tafuteni usiku usio na mwezi, na wekeni nafasi miezi mingi mapema.