Slivu ya India, bukari wa Lubumbashi: uzoefu wangu wa baada ya operesheni

Wengi wanaoniuliza wanataka kujua kama operesheni inauma. Inauma, siku chache, basi. Mimi hapa nakipima kifurushi chote nilichokilipia: operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, ile inayoitwa slivu, niliyofanyiwa India, pamoja na ufuatiliaji wa mwaka mzima walioniahidi kwa WhatsApp. Operesheni naipa alama zote. Ufuatiliaji naupa nusu, na hiyo nusu yenyewe ni stahili ya mtu mmoja tu, dada wa lishe aliyekuwa akijibu hata Jumapili.

Operesheni nitaipita haraka. Wanatoboa matundu madogo tumboni, wanakata na kutoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kipande chembamba kama ndizi. Upande unaotolewa ndio unaotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwa hiyo si udogo wa mfuko peke yake unaofanya kazi. Hamu ya kula nayo inashuka. Siku ile ile niliamshwa nitembee kwenye korido na soksi za kubana miguuni, na nikaendelea kudungwa sindano za kuzuia damu isigande. Wauguzi walikuwa wakali kwa habari ya kutembea, nami nawashukuru kwa ukali huo.

Jambo moja la kudai kabla hujapanda ndege: karatasi ya dalili za hatari. Homa, moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto. Hizo zinaweza kuwa ishara kwamba mshono wa ndani unavuja, na hilo halingoji. Mimi nilipewa ya Kiingereza. Nikaomba ya Kifaransa, ikaletwa siku ya kuondoka baada ya kusumbua sana. Kwa sisi tunaorudi kwa uwanja wa ndege wa Luano kupitia Addis Ababa, karatasi hiyo si ya mgonjwa. Ni ya daktari wa zamu atakayekupokea usiku hapa Lubumbashi, ambaye pengine hajawahi kumgusa mtu wa slivu.

Sasa chakula, maana hapa ndipo kazi ilipo. Wiki mbili za kwanza ni vya kunywa tu, kisha vya kupondwa laini, kisha vya kutafuna kidogo kidogo, na chakula cha kawaida kinarudi polepole baada ya hapo. Orodha niliyopewa ilijaa paniri (jibini ya Kihindi), mtindi wa kule na dengu za rangi zote. Ukiipeleka soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, utarudi na kikapu kitupu. Ikabidi nijipangie: mchuzi wa samaki wa Kasenga uliochujwa mara mbili, maharagwe yaliyopondwa na kuondolewa maganda, yai lililopikwa laini. Blenda ni nzuri, lakini umeme ukikatika saa ya kula unarudi kwenye kinu na chujio la chai, na ukweli ni kwamba kinu kilinilainishia maharagwe vizuri kuliko ile mashine. Nikamtumia dada wa lishe picha, akacheka, akaanza kuniuliza majina ya vyakula vyetu na kuyaandika. Tangu hapo orodha ikawa ya kwangu kweli.

Bukari hakuujua. Nilimweleza: unga wa mahindi, maji moto, unasongwa mpaka unashikana, na kwetu mtu ambaye hajala bukari huyo hajala. Akasema vyakula vya kunata kama mkate na wali ndivyo vinavyowasumbua wengi baada ya slivu, kwa hiyo ningoje. Nikangoja. Siku niliyoruhusiwa, nilifinyanga tonge dogo kuliko ncha ya kidole gumba, nikalichovya kwenye mchuzi, nikalitafuna mpaka likawa maji. La kwanza likapita. La pili likasimama katikati ya kifua. Pua ikaanza kuchuruzika, mdomo ukajaa mate mazito yenye povu, nikainuka mezani taratibu watoto wasishtuke. Si kuumwa, ni mfuko unasema umejaa. Wengine hushikwa na kwikwi, wengine hupiga chafya. Mimi ni pua. Ukishaijua ishara yako, unaweka mkono chini hapo hapo.

Siku hizi utaratibu wangu ni huu: samaki au yai kwanza, sombe (majani ya mihogo) pili, bukari mwisho kama nafasi imebaki. Sababu ni protini. Waliniambia nifikishe angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, basi piga hesabu uone kwa nini tonge haliwezi kutangulia. Sombe iliyotwangwa sawasawa na kuiva kabisa haijanisumbua. Ikiogelea kwenye mawese, hapo naijutia jioni.

Maji nayo. Hunywi ukila, na baada ya kula unangoja nusu saa. Ukiisikia India unaona ni kitu kidogo. Ngoja Oktoba ya Lubumbashi, vumbi na joto, mvua bado, koo limekauka na huwezi kushusha glasi nzima kwa mkupuo hata ukilia. Ni funda dogo, kupumzika, funda dogo, kutwa nzima, mpaka ufike kama lita moja na nusu. Natembea na chupa kila mahali, hata kanisani. Vinywaji vya gesi nimeviacha. Na wanaopenda bia wajue kwamba baada ya operesheni hii pombe inaingia kwenye damu haraka zaidi. Ile chupa ya Simba uliyoizoea si ile tena.

Kwenye kifurushi hakukuwa na ukurasa hata mmoja kuhusu watu. Kwetu mwanamke akinenepa wanasema bwana anamtunza. Akikonda, wanaanza kuhesabu magonjwa. Kwenye kilio kimoja huko Katuba, shangazi wa bwana yangu alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole, akaninong'oneza: "Mama, uko mugonjwa? Usinifiche." Nikamwambia, "Hapana, mama, niko muzima, nilipasuliwa tumbo." Hilo likamtisha zaidi. Kukataa sahani ya kilio ni tusi, kwa hiyo nimejifunza kupokea, kula kipande cha samaki, na kumpa mtoto aliye karibu kilichobaki. Watoto wa ukoo sasa wanajua pa kukaa.

Nywele zilianguka, mwezi wa nne hivi. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba hutokea kati ya mwezi wa 3 na wa 6, mwili ukiwa umeshtuka kwa kupungua haraka, na kwamba kwa kawaida zinarudi. Lakini kusoma ni kitu kingine na kumwona msusi wako anasimamisha mkono, anaangalia kitana, halafu anamwita mwenzake aje kuona. Aliniambia tusisuke misuko ya kuvuta kwa muda, na zikarudi.

Dawa: multivitamini za kutafuna zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa operesheni hii sikuzipata kwenye farmasi nilizozunguka, kwa hiyo beba akiba kubwa kutoka huko. B12 ya sindano niliipata bila shida. Chuma na kalisiamu usivimeze pamoja, achanisha kwa saa mbili. Na ukienda farmasi kichwa kinauma, muuzaji atakupa ibuprofeni au diklofenaki bila kukuuliza. Mimi nimekatazwa kwa sababu zinaweza kuchimba vidonda kwenye mfuko, nachukua parasetamoli. Ukitapika siku mfululizo usikae nyumbani ukingoja ipite, maana vitamini B1 inaisha upesi na ikiisha inagusa neva.

Kasoro ya slivu yenyewe, ili nisionekane nimelipwa kuisifia: kiungulia. Sikuwa nacho kabla, sasa ninacho, nalala kichwa kikiwa juu na nameza omeprazoli. Ni lawama inayojulikana ya operesheni hii, na kama una kiungulia kikali tangu zamani, muulize daktari kuhusu ile aina nyingine, baipasi, kabla hujasaini. Upande mwingine wa mizani: dawa zangu za presha daktari amezipunguza, na magoti yanapanda taksi-bisi bila kushikwa mkono.

Ufuatiliaji sasa. Mratibu alibadilishwa bila mimi kuambiwa, na yule mpya alikuwa akinitumia ujumbe ule ule wa kunakili: "Kunywa maji ya kutosha." Mimi nimeuliza kuhusu majibu ya damu! Halafu kuna saa: wao wako mbele yetu kwa saa tatu na nusu, kwa hiyo ukitoka kazini saa moja jioni, kwao ni saa nne na nusu usiku. Vipimo vyenyewe (B12, chuma, vitamini D) vilitakiwa kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, na hakuna aliyenikumbusha hata kimoja. Aliyenikumbusha ni daktari wangu wa hapa, ambaye hakuwa kwenye bei.

Wadada wanaopanga kuzaa, hili nalo hawakunieleza mpaka nilipouliza: ngojeni miezi 12 hadi 18, na msitegemee kwamba mimba ilikuwa ngumu zamani, kwa sababu uzito ukishuka mara nyingi inakuja upesi.

Kwa anayeuliza kama anunue: operesheni, ndiyo, kama daktari wa hapa amekubali kukufuata kabla hujakata tiketi. Ufuatiliaji wa WhatsApp, waombe wautoe kwenye bei. Wakikataa, waambie wamweke dada wa lishe peke yake. Wakikubali, hela hiyo itakulipia vipimo vya damu Lubumbashi, na chenji ya samaki wa Kasenga.