Kamera za mtego huku Sikonge: uzoefu wangu na pongo

Hizi kamera za mtego, zile unazofunga porini zinajipigia picha zenyewe mnyama akipita, nimezitumia viangazi kadhaa sasa kwenye eneo la jumuiya ya wanyamapori ya vijiji vyetu hapa Sikonge, na wanaoniuliza kama zinafaa nawajibu zinafaa sana, ila ukinunua angalia senza, ile inayohisi mnyama akipita, na taa ya usiku, zile megapikseli kubwa kubwa za kwenye boksi achana nazo maana mara nyingi picha inakuzwa tu na programu.

Ninachoipendea ni kwamba inakuonyesha nani anapita pale. Doria ya mchana pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa, utamkosa, amejilaza kichakani huko, ila kamera usiku kucha iko macho, unapata madume, majike, vitoto, unajua kama mwaka huu wamezaa vizuri, na hilo ndo la maana watu wakikaa kujadili mgawo wa uwindaji, yaani wawindwe wangapi. Picha ishirini za dume sio madume ishirini jamani, anaweza kuwa huyohuyo anaenda kunywa maji na kurudi.

Hapo sasa ndo kwenye kazi. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya kulungu wa Marekani, wale wenye mkia mweupe, wawindaji wa kule wanamtambua kila dume kwa matawi ya pembe zake halafu kwa uwiano wa picha wanakadiria majike na watoto. Wale pembe zinaanguka kila mwaka zinaota nyingine. Pongo wetu pembe ni zilezile maisha yote, ila madume wanafanana na jike hana kabisa, kwa hiyo mi nasoma madoa na michirizi meupe ya ubavuni, kila mnyama ana yake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndo maana nafunga kamera mbili, moja kila upande wa njia, zipishane kidogo zisimulikane. Tandala pia nasoma mistari.

Kule Marekani wengine wanamwaga mahindi mbele ya kamera, baadhi ya majimbo yamekataza kwa kuogopa kusambaza ugonjwa. Mi simwagi kitu, natafuta njia ya kwenda majini basi.

Joto sasa. Senza inasoma tofauti ya joto la mwili na la mazingira, kwa hiyo Oktoba saa nane mchana ardhi imewaka moto mnyama anaweza kupita isimwone kabisa, halafu upepo ukitikisa nyasi zenye joto inajipigia tu picha tupu mpaka memori kadi inajaa, yaani fyeka nyasi zote mbele yake, na ukifyeka kuizunguka umeikinga na moto wa porini pia. Wazungu wanasema ielekeze kaskazini jua lisiipige usoni, huku kwetu Juni na Julai jua linapita kaskazini, we ielekeze kusini.

Taa za usiku ziko za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), zinamulika mbali ila zinaonekana kama kaa jekundu gizani, na za 940 ambazo hazionekani ila hazifiki mbali. Panapopita watu chukua 940, hata kama picha itakuwa na giza kidogo. Betri za lithiamu ni ghali lakini zinakaa, zile za kawaida zikianza kuchoka picha za usiku ndo zinafifia kwanza.