Spre za kopo kwenye Boxer yangu, baada ya miezi saba ya jua na chumvi ya Malindi

Sikutaka kuandika siku ile ile imetoka inang'aa na kila anaepita anaisifu, manake rangi ya siku ya kwanza haina mbaya. Nilipiga mwisho wa mwezi wa kwanza, sahizi ni mwezi wa nane, imekula kaskazi, imekula masika, iko kwenye kusi, na karibu kila siku inaenda Mambrui na Gongoni na kurudi. Kwa hivo sasa naweza kusema kitu.

Pikipiki ni Boxer 150 nyekundu na ndo kazi yangu. Ile njia ya Gongoni yenye mashamba ya chumvi mnaijua, upepo wake ukilamba midomo unasikia chumvi, na chuma nacho kinasikia vile vile. Chini ya tangi pale kwenye mshono kutu ilikuwa imeshaanza kuinua rangi, kava za pembeni zimepauka kwa jua mpaka zimekuwa kama kanga iliyofuliwa mara mia. Fundi mmoja aliniambia elfu sita na mia tano, tangi, kava mbili, mkia na madigadi ya mbele. Bei sikuiona mbaya, ila alitaka akae na pikipiki siku nne nzima, na mimi siku nne bila pikipiki ni siku nne bila kitu mezani. Ndo nikaamua nipige mwenyewe uani kwetu, kipande kimoja kimoja, sababu Boxer bila kava inatembea vizuri tu, ni tangi peke yake ndo inakusimamisha.

Vitu vyote nilinunua duka moja la hadiwea huku karibu na soko na hili duka nalisifu bila kusita. Dada wa kaunta kabla hata hajanitajia bei aliniuliza, "Kaka, unapiga chuma ama plastiki?" Nikamwambia vyote. "Plastiki gani? Geuza nyuma usome herufi." Mimi miaka yote naendesha sijawahi kujua kuna herufi huko nyuma. Kumbe kwa ndani pamepigwa chapa, ABS ama PP, na hizo ni plastiki mbili tofauti kabisa kwa mambo ya rangi. ABS ukiisugua vizuri inashika praima ya kawaida, yani ile rangi ya kwanza ya kushikisha. PP ni ndugu ya plastiki ya ndoo, rangi inakaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba, lazima uanze na praima yake ya plastiki, ile inatoka kama maji haina rangi, unapiga nyembamba halafu unafuata na rangi bila kuchelewa kama kopo linavyosema. Na kama herufi zimefutika, akasema kata kapande kadogo kwa ndani mahali hapaonekani utie kwenye kikombe cha maji ya mfereji, PP inaelea, ABS inazama. Nimejaribu, ni kweli.

Sasa hapo ndo nilipokosea. Ile praima ya plastiki ilikuwa shilingi 750, kopo ghali kuliko yote niliyochukua, nikaona niiwache nitumie ile ya kijivu ya 450 kila mahali. Kava yangu ya kushoto ni ya asili, ABS, mpaka leo iko sawa. Ya kulia nilinunua spea mwaka jana baada ya kuanguka, ni PP, na wiki ya pili tu pale goti la abiria linaposugua rangi ilianza kutoka kwa maganda makubwa, unashika ncha unavuta inakuja kama ngozi ya kitunguu. Nikarudi dukani nikanunua ile ya 750, nikakwangua kava yote nikaanza upya. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nshaambiwa. Ile kava sahizi ni mwezi wa sita na goti bado linasugua na haijatoka hata kidogo, kwa hivo hiyo praima ya plastiki kama uko na PP nunua, usifikirie mara mbili.

Rangi yenyewe nyekundu, makopo mawili ya mililita 400, mia nne nne. Naipa nne kwa tano. Inafunika vizuri, haibadiliki ikikauka, na jua la hapa halijaipausha bado. Nyota moja naikata kwa kichwa chake, baada ya nusu ya kopo kinaanza kutema matone, na tone moja kwenye tangi ni kazi ya kusugua upya. Dawa yake nimeijua baadae, kila ukimaliza mkono mmoja wa rangi geuza kopo kichwa chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, kichwa kinabaki kisafi. Na ulitikise kweli, sio mara tatu nne, ukisikia gololi ndani imeanza kugonga hesabu dakika mbili kuanzia hapo, halafu katikati ya kazi ulitikise tena.

Watu wanafikiri kazi ni kupuliza. Kupuliza ni dakika kumi. Kazi ni msasa, na nilisugua siku mbili mpaka vidole vikaota sugu. Stika za zamani kwanza, hizo sikuhangaika nazo, niliweka tangi juani nusu saa gundi ikalainika zikatoka zenyewe kwa kucha. Halafu nikaosha kila kitu na sabuni ya vyombo, mara mbili, manake kama ulikuwa unapaka ile dawa ya kung'arisha plastiki ina silikoni na silikoni ikibaki rangi inakimbia, inafanya vishimo vidogo vya duara kama macho ya dagaa. Msasa namba 320 kwenye rangi ya zamani, pale kwenye kutu nilienda mpaka chuma cheupe, fila kidogo ya kuziba kwenye kibonyeo, praima, halafu msasa wa maji 800 juu ya praima mpaka ukipitisha kiganja umefumba macho husikii ukingo wowote. Ukisikia ukingo kwa kiganja utauona kwa rangi. Na plastiki usiifute na thina, thina inakula ABS, juu inakuwa laini inanata.

Uani kwetu kuna banda la makuti na nilifikiri ndo mahali pazuri, kivuli na hewa. Banda la makuti ni baya kwa rangi wallahi. Upepo ukigusa tu yale makuti yanamwaga vumbi jembamba jeusi, na kava ya kwanza ilinyeshewa yote ikiwa bado mbichi. Nikatoka pale nikafunga kamba kati ya mwembe na ukuta, nikatundika chandarua cha zamani kikubwa, ndani nikaning'iniza vipande kwa waya, chini nikamwaga maji ili mchanga usiruke. Hapo ndo kazi ilianza kuonekana kama ya mtu anaejua. Chandarua kinazuia wadudu na majani lakini harufu inatoka, sio kama kujifungia chumbani. Na mamangu alikuwa na jiko la makaa pale pale uani, anakaanga mahamri, ikabidi nimngojee amalize kabisa na makaa yazimwe, manake gesi inayosukuma rangi kwenye yale makopo inashika moto, hilo si la kubahatisha. Kanga zake nazo aliziondoa kwenye kamba mwenyewe kabla sijamwambia, akaniambia "mwanangu upepo haujui cha mtu."

Na upepo ndo kila kitu hapa kwetu. Mwezi wa kwanza na wa pili ukingoja saa nane mchana huwezi kupiga kitu, bahari inasukuma, nusu ya rangi inaenda kwa jirani na ile inayofika imeshakauka hewani inakaa kwenye kava kama unga, ukipapasa inakwaruza. Asubuhi mapema nayo kuna umande. Mimi nilipata nafasi yangu kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na vipande vyenyewe nisiviweke juani kabla, manake chuma kikiwa moto rangi inakauka juu kabla ya ndani na unapata malengelenge. Umbali ni shubiri moja na kidogo, sentimita 25 hivi. Mkono wa kwanza mwembamba sana, ule ambao bado unaona praima chini na roho inakwambia ongeza. Usiongeze. Dakika kumi, kumi na tano, halafu wa pili, halafu wa tatu. Mkono uanze kutembea kabla hujabonyeza na uwachie ukishapita ukingo, sio kubonyeza umesimama katikati, pale ndo michirizi inapotoka. Mimi mkia wangu ulilia machozi upande mmoja, nikauwacha siku mbili ukauke kweli kweli, nikasugua na 800, nikarudia.

Haya, klia, ile ya mwisho isiyo na rangi inayopigwa juu ing'are. Hapa ndo nina manung'uniko yangu. Makopo mawili mia nne hamsini kila moja, na kopo kwa mbele limechorwa pikipiki. Mtu akiona picha ya pikipiki atajua inafaa pikipiki nzima, si ndio? Kwenye kava na mkia na madigadi iko sawa, imeng'aa, niliisugua na 2000 kwa maji nikapiga polishi ikatoka kama kioo. Lakini kwenye tangi haikumaliza mwezi. Nilikuwa petroli stesheni, kijana akajaza mpaka ikamwagika kidogo pale mdomoni, nikafuta na kitambaa kama siku zote, na kitambaa kikatoka chekundu. Klia ilikuwa imelainika imekunjana kama ngozi ya maziwa. Dada wa hadiwea ndo akanieleza kwamba hiyo ni klia ya kopo ya kawaida, inakauka kwa thina kuondoka tu, kwa hivo ikikutana na petroli inalainika tena, haijalishi umengoja wiki ngapi. Inayostahimili petroli ni ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ndo inayoitwa 2K. Hilo neno moja lingeandikwa kwenye kopo lingeniokolea tangi zima.

Sasa 2K nayo ipo ya kopo, ina kibonyezo chini, unakibonyeza hadina inaingia ndani halafu una siku moja hivi, mbili kwa nyengine, baada ya hapo imegandia ndani ukitaka usitake. Sikuinunua na nasema wazi kwa nini. Hadina yake ina kemikali inaitwa isosianeti, na hiyo si harufu ya kukohoa ukasahau, inaweza kukuachia pumu ya maisha, na kitambaa cha pua ama ile barakoa ya buluu ya hospitali haisaidii chochote. Hata zile barakoa za vichujio viwili ambazo zinatosha kwa spre ya kawaida, kwa hii wenye kazi hutumia za kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Mimi uani kwetu kuna watoto wa dadangu wanacheza, sikuona haki. Nikakwangua tangi pale lilipoharibika, nikapiga nyekundu upya mwenyewe, nikaliwacha wiki nzima huku natembea nalo, halafu nikalipeleka kwa fundi mwenye kompresa na chumba chake anipigie 2K juu, akanichaji elfu moja mia tano. Alianza na mkono mwembamba kama vumbi, akasema klia ya hadina ukiimwaga nzito juu ya rangi ya kopo rangi inaweza kukunjana. Haikukunjana. Petroli imemwagika hapo mara sijui ngapi tangu siku ile na nafuta tu.

Kitu kingine cha klia ya kopo, mwezi wa tano nilitaka kurudia madigadi baada ya kukwaruzwa, mvua ilikuwa imekatika asubuhi nikaona niwahi. Ikakauka na ukungu mweupe ndani yake, kama kioo cha bafu. Ni unyevu wa hewa umenaswa ndani. Masika hapa hewa yenyewe ni maji, usipige, ngoja. Ule ukungu nilikuja kuutoa siku ya jua kwa kupuliza mkono mwembamba wa klia ile ile juu yake, ukayeyuka, sio wote lakini.

Hesabu yangu ikiwa mnataka: praima 450, ya plastiki 750, nyekundu 800, klia 900, msasa karatasi tano 200, tepu ya karatasi 120, fila 300. Hiyo ni 3,520, na 1,500 ya fundi inakuwa 5,020. Fundi alitaka 6,500. Hiyo tofauti ni ndogo ukikumbuka siku nilizosugua, ila pikipiki ilisimama siku tatu pekee za tangi, mara zote mbili ukijumlisha, na hizo nyengine zote nilikuwa barabarani bila kava abiria wananiuliza imeibiwa ama vipi. Kwangu hiyo imelipa. Kwa mtu ambae pikipiki yake ni ya kwendea kazini tu na inaweza kulala gereji, mpe fundi.

Duka nalipa tano kwa tano kwa sababu ya yule dada, aliniambia ukweli hata pale ukweli ulikuwa unamuuzia kitu cha bei ndogo. Niliporudi na ile kesi ya klia nikamwonyesha kitambaa chekundu, hakubishana, alichukua kalamu akaandika kwa karatasi akabandika pale kwenye rafu: TANGI HAPANA. Nimepita wiki iliyopita kununua msasa, karatasi bado iko.