Friji ya kompresa ya volti 12 kwa wastaafu wanaopiga kambi pwani: inafaa?

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua friji ya kompresa, yaani yenye pampu ya umeme inayozungusha gesi ya kupoza, ya volti 12, ujazo wa lita 45, ile inayofunguka juu, na tunaichambua kwa ajili ya watu maalum: wastaafu wawili, mume na mke, wanaosafiri na gari-nyumba na kulala kando ya bahari siku kadhaa bila kuchomeka umeme popote. Hii ya hapa mezani ina kompresa ya Secop BD35F, ambayo zamani iliuzwa kwa jina la Danfoss. Utaikuta ndani ya friji za majina mengi, kwa hiyo karibu yote tutakayosema yatakuhusu hata kama nembo ya mlangoni ni nyingine.

Jibu letu ni ndiyo, inafaa. Lakini friji nzuri ikifungwa vibaya pwani itakusumbua kuliko friji ya kawaida iliyofungwa vizuri, na sehemu kubwa ya malalamiko tunayoletewa hayatokani na friji yenyewe. Yanatokana na waya.

Kwanza, kwa nini kompresa na si friji ya gesi, ile inayopoza kwa kuwasha moto wa gesi? Friji ya gesi haina kelele, hilo tunaliheshimu. Ila inataka gari likae sawa kabisa, na ukiegesha kwenye mteremko wa ufukweni kwa nyuzi chache tu, ubaridi unapungua. Upepo wa bahari nao unaingia kwenye matundu ya nje na kuuzima moto wake. Ukiihamishia kwenye umeme wa volti 12, inakula ampea zaidi ya 10 mfululizo. Hii ya kompresa haijali mteremko wa kawaida, na ikiwa inazunguka inavuta ampea 4 hadi 5.

Tupige hesabu pamoja. Nje kukiwa na nyuzi 25, kompresa inafanya kazi kama theluthi ya muda. Ampea 4.5 kwa saa 8 ni ampea-saa 36 kwa siku. Joto likipanda na mkifungua fungua kutafuta maji baridi, inafika nusu ya muda, yaani ampea-saa 54. Sasa tazama betri. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia, na hapo bado taa, feni, simu, na mashine ya kusaidia kupumua usingizini kama mmoja wenu anaitumia. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma-fosfeti yenye ukubwa huohuo inakupa 80 au 90 bila kuumia. Tena ina uzito wa kilo 11 hadi 13, wakati ya asidi inafika kilo 25 na zaidi. Kwa mgongo wa mtu wa miaka 65, hiyo si tofauti ndogo. Juu ya paa wekeni paneli za wati 200. Siku ya jua zuri zitarudisha kama ampea-saa 50, mradi mnazifuta chumvi kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini. Ule ukungu mweupe unaokauka juu ya kioo unazuia mwanga, na kivuli cha mti mmoja kikikatiza paneli kinapunguza umeme kuliko unavyodhani.

Haya, waya. Sogea karibu uone hapa. Huu ni waya wa milimita mraba 1.5, ule unaokuja na plagi ya soketi ya kiberiti cha gari. Betri ikiwa mita 6 kutoka kwenye friji, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi, na kwa ampea 5 unapoteza takriban volti 0.7 njiani. Wakati mota inaanza kuzunguka inavuta zaidi, na upotevu unaongezeka. Kompresa hii ina kinga ya betri: ikiona volti 10.4 inajizima, na haiwaki tena mpaka ione 11.7. Betri yako ina 12.2, bado nusu imejaa, lakini friji haioni 12.2. Inaona kilichobaki baada ya waya mwembamba na soketi iliyolegea. Inajaribu kuwaka, volti zinaanguka, inazima. Ikishazima haivuti kitu, volti zinapanda, inajaribu tena. Usiku kucha hivyo, na asubuhi samaki wameharibika huku mtu akilaumu betri.

Dawa yake ni rahisi kukumbuka: kwa volti 12, kila mita moja kutoka betri hadi friji inataka milimita mraba moja ya waya. Mita 4, waya wa 4. Mita 6, waya wa 6. Toa waya moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na usahau kabisa soketi ya kiberiti. Plagi yake inalegea kwa mtikisiko wa barabara na inapata moto.

Pwani ongeza jambo moja. Nunua waya wa shaba uliopakwa bati, ule unaotumika kwenye boti. Shaba tupu ikipata hewa ya chumvi inaota kutu ya kijani, na kutu hiyo inatambaa ndani ya ganda la waya usikoweza kuiona. Kila kiungio kifunike kwa mpira unaonywea kwa joto, wenye gundi ndani. Ukiupasha moto vizuri utaona gundi imechungulia kidogo ncha zote mbili. Isipochungulia, hewa itaingia.

Taa ndogo ya hitilafu, kama friji yako inayo, isomeni. Ikipepesa mara 1, volti zimeshuka: anza na waya na viungio. Mara 2, feni inavuta umeme kupita kiasi, mara nyingi mchanga umeikwamisha. Mara 3, mota imeshindwa kuanza. Mara 5, joto limezidi. Hiyo ya 5 ndiyo ya watu wanaosukuma friji mpaka ukutani na kurundika mablanketi pembeni. Iacheni nafasi ya sentimita 5 hadi 10 upande wenye matundu. Mapezi ya alumini yaliyo nyuma, vile vibamba vyembamba vya kutolea joto, yakishika chumvi na mchanga, zima umeme, yapige brashi laini kavu, kisha yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Maji ya bomba lenye presha hapana.

Dawa sasa. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda itupwe. Msiamini namba ya kwenye kioo cha friji, maana kihisi kinapima sehemu moja tu, na pale kwenye ukuta wa ndani panaweza kuganda huku katikati pako sawa. Wekeni kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, na dawa ikae ndani ya kopo lenye kifuniko, katikati, mbali na kuta.

Udhaifu wake mkubwa kwetu ni namna ya kuifungua. Ikiwa tupu ina kilo 15 hadi 20, ikijaa inakaribia 40, kwa hiyo reli ya kuvuta ni lazima. Lakini sakafu ya gari ikiwa na kimo cha sentimita 70 na friji kimo cha sentimita 45, mdomo wake uko zaidi ya mita moja na sentimita 10 kutoka chini. Mtu mfupi haoni kilichomo kwenye kitako, anaingiza mkono akipapasa, na anabaki ameinama na mfuniko wazi. Kama mmoja wenu ana mgongo au mabega mabovu, chukueni ya mlango wa mbele. Ubaridi unamwagika kila mkifungua, kweli, basi ongezeni ampea-saa chache kwenye hesabu.

Mpira wa mlango upimeni kwa karatasi: ibaneni, ivuteni. Ikitoka bila kubishana, safisheni mchanga kwenye mikunjo kwa mswaki, mpime tena.

Tuandikieni hapo chini urefu wa waya wenu na aina ya betri, tutawapigia hesabu.