IPUMS CPS: ghala zuri la takwimu za mishahara, ila soma misimbo kwanza

Kwa anayetaka kupima elimu inaongeza mshahara kiasi gani nchini Marekani, IPUMS CPS ya Chuo Kikuu cha Minnesota, hifadhi ya data za CPS (utafiti wa kila mwezi wa kaya za Marekani kuhusu ajira), ni pazuri pa kuanzia. Ni bure: unajisajili, unachagua sampuli na vigeu, unasubiri faili liandaliwe, kisha unalipakua na kulifungua kwa Stata, SPSS au R.

Kazi iko ndani. Kwenye INCWAGE, kigeu cha mshahara wa mwaka, 99999999 si mshahara. Ni alama ya mtu asiyehusika na swali. Ukisahau kuiondoa, wastani unapaa mawinguni. Mapato hayo pia ni ya mwaka uliotangulia: sampuli ya Machi 2020 inaeleza 2019. Kupata malipo ya saa, zidisha WKSWORK1 (wiki alizofanya kazi mwaka huo) kwa UHRSWORKLY (saa zake za kawaida kwa wiki), kisha gawanya INCWAGE kwa jibu hilo. Uzito, yaani idadi ya watu ambao kila mhojiwa anawakilisha, ni ASECWT. Ukihamia EARNWEEK (mshahara wa wiki), hamia na uzito wake, EARNWT, maana swali hilo huulizwa takriban robo tu ya sampuli kila mwezi.

EDUC, kiwango cha elimu, ndicho kigeu kinachoudhi zaidi. Kabla ya 1992 swali lilihesabu miaka ya masomo. Tangu hapo linauliza cheti. Aliyekaa chuoni miaka 4 si lazima awe na shahada, hivyo mruko wowote unaouona hapo usikimbilie kuupa soko la ajira. Na mishahara mikubwa kabisa hufichwa kulinda wahusika, kwa kanuni zilizobadilika mara kadhaa, kwa hiyo pengo la juu likitanuka ghafla, kagua kanuni hizo kabla ya kuandika chochote.