Swichi ya H4 kwenye Hilux: ukiizungusha, chini kunatokea nini?

Karibuni tena. Leo tuna Hilux dabo kebini ya dizeli, ya kile kizazi kilichoanza 2015. Siti na redio mmeshachambuliwa sana na wengine, kwa hiyo tunakwenda moja kwa moja kwenye hii swichi ya kuzungusha hapa kwenye dashibodi: H2 (injini inasukuma magurudumu mawili ya nyuma), H4 (yote manne) na L4 (yote manne kwa gia ya chini).

Wengi wanaisoma kama ngazi za nguvu, wakidhani H4 ina nguvu kuliko H2. Hapana. Ukitoka H2 kwenda H4, injini haiongezi hata chembe. Kinachofanyika ni kwamba transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inaifunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja. Hapo katikati hakuna difu, yaani zile gia zinazoruhusu pande mbili zizunguke kwa mwendo tofauti. Shikilia hilo, maana raha na karaha zote za hili gari zinatoka hapo.

Tuangalie kona. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye dabo kebini ni milimita 3,085. Ukikata kona ya nyuzi 90 na katikati ya ekseli ya nyuma inachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 5, ekseli ya nyuma inatembea kama mita 7.85. Ya mbele inapita kwa nje zaidi, inatembea kama mita 9.2. Tofauti ni karibu mita 1.4 kwa kona moja tu. Tairi hili la 265/65 R17 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.4, maana yake mbele inadai zaidi ya nusu mzunguko wa ziada, na transfa imekataa kuutoa.

Kwenye matope au changarawe hakuna ugomvi mkubwa: tairi linateleza kidogo, deni limelipwa. Kwenye lami kavu tairi limeng'ang'ania. Angalia hapa kwenye sakafu ya zege: H4, stelingi imekatwa yote, gari linatembea taratibu. Umeona? Stelingi inakuwa nzito, gari linagoma kama breki imeshika, halafu tairi linaruka kwa mshtuko, "du!" Huo mkazo unabebwa na meno ya gia za transfa, krosi joint, shafti na difu. Ukiendesha hivyo kila siku mjini, unamtengenezea fundi kazi.

Mvua ikinyesha kwenye lami je? Bakia H2. Lami iliyolowa bado inashika vya kutosha kuleta ule mkazo, na 4WD (kuendesha kwa magurudumu yote manne) haikusaidii kusimama. Gari linaondoka vizuri, dereva anapata kiburi, lakini breki ni zilezile.

Kuingiza H4 si lazima usimame. Nyoosha stelingi, punguza mwendo chini ya kilomita 80 kwa saa, achia mafuta kidogo, zungusha. Taa inapepesa, halafu inatulia. Ikiendelea kupepesa, usiizungushe swichi huku na huku kama unatafuta stesheni ya redio. Endelea mbele moja kwa moja, kanyaga mafuta na uachie. Ikigoma kutoka, yaani umerudi H2 na bado inaonyesha H4, mara nyingi ni ule mkazo umebana gia. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha, itaachia.

L4 ndiyo inayoongeza msukumo kwenye magurudumu. Gia ya chini ya transfa kwenye Hilux ni 2.566, kwa hiyo kwa gia ileile na resi ileile mwendo unashuka mara mbili na nusu, na msukumo unapanda kiasi hichohicho. Hapa lazima gari lisimame kabisa. Otomatiki weka N, manyuo kanyaga klachi yote, halafu bonyeza swichi na uizungushe, usubiri taa itulie ndipo uweke gia. Matumizi yake bora, kwa maoni yetu, ni kushuka, hata kuliko kupanda. Mteremko mkali wenye utelezi, L4 gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, na breki uiguse tu pale injini inaposhindwa kulizuia gari.

Sasa mbona pikapu yenye 4WD bado inakwama? Kwa sababu H4 inafunga mbele na nyuma, haifungi kulia na kushoto. Kila ekseli ina difu yake, na difu ya kawaida haiwezi kulipatia gurudumu lenye mshiko msukumo mkubwa kuliko wa lile linaloteleza. Tairi moja likiwa hewani, la pili chini linapata karibu sifuri. Ukivuka korongo kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia yakaning'inia, hayo mawili yanazunguka na mengine mawili yanatazama tu.

Hilux zenye A-TRC (mfumo wa kudhibiti magurudumu yanayoteleza) zinatibu hilo kwa kulikamata breki gurudumu linalozunguka bure. Utasikia mngurumo, "trrr", chini ya miguu. Madereva wengi wakiusikia wanaachia mafuta, na hapo ndipo wanapokwama. Shikilia mafuta ya wastani, bila kupandisha wala kushusha, upe mfumo sekunde chache.

Yenye loki ya difu ya nyuma, inayofunga magurudumu ya nyuma ya kulia na kushoto yazunguke pamoja, kwa kawaida inakubali ukiwa L4 tu. Ibonyeze kabla ya kuingia kwenye shida, magurudumu yakiwa hayazunguki kwa fujo. Na ukishapita, itoe haraka, kwa sababu ikiwa imefungwa gari halitaki kona, linanyoosha mbele.

Nimesahau tairi, na tairi ndilo la kwanza. Manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa. Ukiweka mapya mbele yenye milimita 8 za kashata (maua ya tairi) na nyuma yakabaki milimita 3, kila kilomita moja kuna tofauti ya kama mita 13, na kwenye H4 mkazo unakuja hata ukiwa umenyoosha. Mchanga wa ufukweni, shusha upepo mpaka PSI 16 au 18. Tairi linalala, linatandaza uzito. Ila usikimbie wala kukata kona kali, linaweza kuchomoka kwenye rimu. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ukishajaza kashata, tairi linakuwa kama limepakwa sabuni, na hapo kashata pana zinafanya kazi kubwa kuliko swichi yoyote.

Kwa wenye Land Cruiser za mkonga zenye habu za kuzungusha kwa mkono (zile swichi zilizo katikati ya magurudumu ya mbele): zote mbili ziwe LOCK. Ukifunga moja ukasahau ya pili, difu ya mbele inazungusha ule upande uliolegea na mbele hupati kitu, hata kama taa ya 4WD inawaka. Na Mitsubishi L200 yenye mfumo wa 4WD wa Super Select ina difu ya katikati, kwa hiyo 4H yake inaruhusiwa kwenye lami. Kwa mvua ya barabarani hapo Hilux imepigwa bao, tuseme ukweli. Lakini ile 4HLc imefunga katikati, nayo ina sheria zilezile za H4 ya Hilux.

Ukinunua iliyotumika, ipeleke kwenye changarawe. Weka H4, kata stelingi yote, tembea polepole. Usiposikia gari likigoma hata kidogo wakati taa imetulia, huenda mbele haijashika. Kisha muulize muuzaji lini mara ya mwisho 4WD iliwekwa. Kitabu cha Toyota kinataka uendeshe angalau kilomita 16 kila mwezi kwenye 4WD ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele. Akicheka na kusema "hiyo hatujawahi kuigusa, ni mpya kabisa", fungua nati ya difu ya mbele uione hiyo oili kabla hujatoa pesa.