Sabuni gani ya kufulia ununue Goma: hesabu na maji

Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa. Tangu volkano ya Nyiragongo ipitishe moto katikati ya mji mwezi wa kwanza 2002, tunaishi juu ya mawe meusi, na unga wake unaingia kwenye shingo za mashati, kwenye soksi za watoto wa shule, hadi kwenye mashuka. Maji ya kuliondoa wengi wetu tunayanunua kwa bidoni (madumu), yameletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au yamebebwa mgongoni. Mtu anayelinganisha sabuni kwa bei ya sashe peke yake amesahau bidoni atakazomwaga wakati wa kusuuza, na katika mitaa iliyo mbali na ziwa hizo ndizo zinazomaliza pesa.

Kwa hiyo nimezipanga sabuni hapa kwa maswali mawili: inatoa uchafu wa hapa kwa maji ya hapa? Na inasuuzika kwa maji kiasi gani?

Maji kwanza, maana ndiyo yanayoamua. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka Ziwa Kivu, yawe ya bomba la Regideso, shirika la maji, au yaliyochotwa ufukweni. Ziwa hilo limezungukwa na miamba ya volkano na linapokea chemchemi za chumvi kutoka chini yake, ndiyo sababu maji yake yana magnesiamu nyingi. Sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta, ya mawese au mengine, pamoja na soda kali. Ikikutana na magnesiamu, inaganda na kuwa utando usioyeyuka. Ni ule ukoko unaoshika pembeni mwa beseni, na ndio unaoligeuza shati jeupe kuwa kijivu baada ya miezi kadhaa, hata kama mama amelifikicha kwa nguvu zake zote. Sabuni ya unga imeundwa kwa njia nyingine: viungo vyake vya kuondoa uchafu havigandi kirahisi hivyo, na watengenezaji wengi huongeza magadi ya kulainisha maji.

Unaweza kujionea mwenyewe. Kwangua sabuni ya kipande, tia kiasi kilekile kwenye chupa mbili, moja ya maji ya ziwa na nyingine ya maji ya mvua, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya ziwa itakuwa na maji meupe mazito na povu dogo linalokufa haraka.

Sasa orodha yenyewe.

Nafasi ya kwanza: unga wa bei ya kati, mfuko wa kilo, pamoja na kipande kimoja cha sabuni

Kwa nyumba ya watu sita au zaidi inayofua kwa mikono, sijaona kinachoshinda huu mchanganyiko. Unga unafanya kazi kubwa ndani ya beseni. Kipande kinapakwa kwenye shingo, kwapa na mikono ya mashati tu, mahali ambapo jasho na mafuta ya mwili yameshika. Unga wa kutoka Uganda, Kenya na Rwanda umejaa kwenye butiki za Birere na soko la Virunga, na mwingi unafaa. Ukisema tu "nipe Omo", muuzaji anaweza kukupa unga wowote ulio karibu na mkono wake. Taja jina la ule unaoutaka na uusome mfuko kabla ya kulipa.

Angalia mshono wa mfuko: uwe umefungwa kwa mashine, tarehe isomeke, na unga uteleze ndani ukiutikisa. Uliogandamana kama jiwe umeingiwa na unyevu. Si sumu, lakini hauyeyuki vizuri na unaacha madoa meupe kwenye nguo nyeusi.

Bei uigawanye kwa gramu. Kwa mfano wa hesabu tu: sashe ya gramu 30 kwa franka 300 ni franka 10 kwa kila gramu, na mfuko wa kilo 1 kwa franka 7000 ni franka 7. Najua kwa nini watu wananunua sashe: pesa ya siku ndiyo iliyopo. Lakini majirani watatu wa kiwanja kimoja wakichanga, mfuko mkubwa unapatikana, na kila mmoja anapimiwa chake kwa kikombe.

Nafasi ya pili: unga wenye vimeng'enya

Hapa ndipo walipo Ariel na baadhi ya Omo. Vimeng'enya ni protini zinazokatakata uchafu wa mwili: damu, maziwa, jasho, mabaki ya chakula. Tafuta neno "enzymes" nyuma ya mfuko. Kama halipo, unalipia harufu. Unga wa namna hii ni ghali, na kwa vumbi la lava hauna faida ya ziada, kwa sababu vumbi ni jiwe na kimeng'enya hakili jiwe. Nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa, au mtu anayefanya kazi ya jikoni au buchani, iwe na mfuko mdogo wa kutumia kwa nguo hizo tu. Loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka yanaviua vimeng'enya na pesa yako inapotea. Usitumie kwa sufu wala hariri.

Nafasi ya tatu: sabuni ya kipande peke yake

Kwa maji ya ziwa naiweka hapa, kwa sababu ya ukoko nilioueleza. Msimu wa mvua, ukiwa na pipa chini ya bati, inapanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi: ni rahisi, haimwagiki, na mtoto hawezi kuimaliza kwa siku moja. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza ndipo ukinge. Maji hayo ni ya nguo. Moshi wa Nyiragongo unayatia asidi na floridi, hasa upande wa Rusayo na Sake, kwa hiyo usiyachukulie kuwa ya kunywa.

Nafasi ya nne: sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani

Akina mama wengi wanaitengeneza na kuiuza kwenye chupa zilizotumika, na natamani ingekuwa juu zaidi. Ubora unategemea mkono wa mtengenezaji. Chupa ya leo na ya wiki ijayo zinaweza kutofautiana. Ukimpata mmoja unayemwamini, baki naye. Inafaa sana kwa vikwembe (vitenge) vya rangi kali, kwa sababu inasuuzika haraka na kwa kawaida haina vile viungo vya kung'arisha vinavyofifisha rangi. Ikikuunguza vidole, iache.

Nafasi ya mwisho: unga wa kupima usio na jina

Huo unaouzwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi. Mara nyingi sehemu kubwa ni chumvi ya kujazia uzito. Utatumia mara mbili yake, na kusuuza kwake kutakula bidoni nyingine.

Javel, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, haimo kwenye orodha. Inatoa rangi na kuua vijidudu, haiondoi uchafu. Itumie kwa pamba nyeupe iliyokwisha kufuliwa, na usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo, wala nepi zenye mkojo: inatoa hewa yenye sumu kwenye mapafu.

Kuhusu povu, nasisitiza: povu jingi halisafishi zaidi, linadai maji zaidi. Vijiko viwili vya mezani kwa beseni la lita 10 vinatosha nguo za kawaida. Na kabla ya sabuni yoyote, kung'uta nguo nje, kisha itumbukize kwenye maji matupu na uitoe. Vumbi la lava lina ncha. Ukilifikicha likiwa bado ndani ya kitambaa, linakata nyuzi, na shati la shule linachanika kwenye kola kabla mwaka haujaisha. Maji hayo ya kwanza meusi yamwage chooni. Ya mwisho, ya kusuuzia, yaweke kwa kuloweka nguo za kazi za kesho.